Mpanda Ngazi Hushuka: Mwavuli wa Roketi ya Watoto wa Shule

Wahenga walinena, "Mpanda ngazi hushuka." Neno hilo walimwambia mtu mwenye majivuno, lakini lamfaa pia mtoto wa shule wa siku hizi achezaye na roketi. Maana siku hizi watoto wetu wajua habari za roketi tangu darasa la awali. Wakipata chupa tupu ya soda, maji kidogo na pampu ya baiskeli, waweza kuirusha chupa hiyo juu kupita miembe. Mchezo huo ni mwema, tena una elimu nyingi ya hesabu na sayansi ndani yake. Ila mara nyingi hufundishwa nusu tu. Twawaonyesha watoto namna ya kupandisha, wala hatuwaonyeshi namna ya kushusha.

Leo, wasomaji wapenzi, na hasa ninyi wazazi na walimu, tuitazame ile nusu ya pili: mwavuli unaoirudisha roketi chini polepole, ambao wengine huuita parachuti. Tutaona namna ya kuuchagua, kuushona, kuufunga na kuukunja.

Mtu asiseme kwamba jambo hili ni dogo. Chupa ya lita moja na nusu, pamoja na mapezi yake na pua yake, ina uzito wa gramu 100 hivi. Ukiishika mkononi waiona nyepesi. Lakini ikipanda mita 30 na kuanguka kichwa chini bila mwavuli, hufika ardhini kwa mwendo upatao kilomita 70 kwa saa. Na uwanja wa shule wakati huo umejaa watoto, wote wakitazama juu. Jicho la mtoto halina akiba.

MZIGO HUHESABIWA UFIKAPO

Kwetu sisi wakaaji wa Tabora neno hili lisiwe geni. Mji wetu ulikuwa njia panda ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua nguo, shanga na waya kutoka pwani, na pembe za ndovu walipokuwa wakirudi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871, hakuingia Tabora mpaka Juni. Katika safari ya miezi mitatu, mzigo uliofungwa ovyo haufiki: hulegea, humwumiza mchukuzi bega, na mwisho humwagika porini. Ndiyo sababu mpagazi hodari alijulikana kwa kifungo cha mzigo wake kabla hajaanza kwenda.

Twakumbuka pia yaliyompata Livingstone. Mwaka ule ule wa 1871 alifika Ujiji akiwa mgonjwa na mchovu, akitumaini kukuta bidhaa alizoletewa kutoka Unguja. Alikuta zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Zilikuwa zimetumwa, lakini hazikumfaa kitu. Baadaye ilimbidi akae Kwihara, karibu na mji wetu, mpaka Agosti 1872, akingojea vitu na wapagazi wapya. Mzigo hauhesabiwi uondokapo, bali ufikapo.

Roketi nayo ni vivyo hivyo. Ikipaa vizuri kisha ikavunjika, hatuwezi kusema kwamba imefaulu.

WATU WALIANZAJE?

Mwavuli wa kushukia ni mkongwe kuliko ndege. Tarehe 22 Oktoba 1797, Mfaransa André-Jacques Garnerin alipanda kwa puto juu ya mji wa Paris, kisha akalikata puto lile na kushuka kwa mwavuli wa kitambaa. Alifika chini salama, lakini njiani aliyumba vibaya sana huku na huku kama kengele. Hewa iliyonaswa chini ya kitambaa haikuwa na njia ya kutokea ila pembeni, mara upande huu, mara upande ule. Watu wa baadaye walitoboa tundu dogo katikati ya mwavuli, hewa ikapata mlango, na kuyumba kukapungua. Tundu hilo tutalihitaji sisi pia.

Roketi ndogo za vijana zilianza Marekani. Mwaka 1954 Orville Carlisle, mwenye duka la viatu katika jimbo la Nebraska, alitengeneza roketi ndogo ya karatasi na mti mwepesi, yenye mwavuli wa kuirudisha. Mwaka 1957 mhandisi mmoja, G. Harry Stine, aliandika gazetini juu ya hatari ya vijana waliokuwa wakichanganya baruti wenyewe ili kurusha roketi. Carlisle alipoisoma habari hiyo alimpelekea Stine roketi zake azione. Hapo ndipo mchezo ulipopata kanuni zake: mota hutoka kiwandani, mtoto hachanganyi dawa, na kila roketi iwe na kitu cha kuirudisha chini salama. Basi mwavuli haukuongezwa kama pambo. Tangu mwanzo ulikuwa sehemu ya mchezo wenyewe.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki roketi si ngeni. Kuanzia 1967 mpaka 1988 Waitalia walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya. Setilaiti moja iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Uhuru. Lakini roketi zile zilikuwa za kwenda tu. Vipande vyake viliachwa vianguke baharini. Sisi hatuna bahari ya kuangushia. Tuna uwanja wa mpira, darasa upande mmoja na nyumba ya jirani upande wa pili.

Na kama mtu akidhani kwamba mwavuli mdogo hauna kazi ya maana, na atazame kwa jirani zetu Rwanda. Tangu Oktoba 2016 ndege ndogo zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zimekuwa zikipeleka damu hospitalini kutoka kituo cha Muhanga. Ndege haitui kule iendako. Huachia sanduku, nalo hushuka kwa mwavuli wa karatasi. Karatasi na nyuzi, na chini yake damu ya mgonjwa.

ROKETI GANI?

Kwa shule zetu nashauri roketi ya maji. Tumia chupa ya soda yenye gesi, maana chupa hiyo imetengenezwa kuvumilia msukumo wa ndani. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba, haifai. Theluthi moja ya chupa huwa maji, na iliyobaki ni hewa ya kujazwa kwa pampu. Tumia pampu yenye saa ya kupimia upepo, wala msizidishe paundi 60. Chupa yenye ufa, mkunjo au alama ya kuchubuka itupwe. Anayefyatua avute kamba akiwa mbali, na watoto wote wakae nyuma yake.

Ziko pia roketi zenye mota za baruti zitengenezwazo viwandani. Ndani ya mota hizo mna tabaka tatu: ya kwanza husukuma roketi, ya pili huungua polepole roketi ikiendelea kupanda, na ya tatu hulipuka kidogo na kuitoa pua pamoja na mwavuli. Mwavuli wa roketi ya namna hiyo lazima ukingwe kwa karatasi iliyotiwa dawa isishike moto, la sivyo utaungua kabla ya kufunguka. Mtu asijaribu kamwe kutengeneza mota hizo nyumbani. Vidole vya vijana wengi duniani vimepotea kwa njia hiyo. Tena katika kiangazi chetu, majani yakiwa makavu, cheche moja yatosha kuteketeza pori zima. Maji hayana neno.

KUCHAGUA UPANA WA MWAVULI

Hapa ndipo penye hesabu, na mwalimu mwenye busara atapata somo zima la darasa la saba.

Kwanza, pima uzito wa roketi katika mizani ya duka. Ipime ikiwa haina maji, kwa kuwa maji yote yatakuwa yametoka itakapoanza kushuka. Lakini usisahau kuweka ndani mwavuli, nyuzi na lastiki, kwa maana hivyo vyote vitashuka pamoja nayo.

Pili, tuamue mwendo wa kushuka. Mwendo mzuri ni mita nne na nusu kwa sekunde. Roketi ishukayo kwa mwendo huo hugonga ardhi kama kitu kilichoponyoka mkononi kutoka urefu wa mita moja, yaani kiunoni mwa mtu mzima. Chupa haitavunjika, na ikimgusa mtoto begani haitamwumiza sana.

Tatu, tukumbuke kwamba Tabora si Dar es Salaam. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu 12 katika 100. Hewa nyepesi hushika mwavuli kwa nguvu ndogo. Kwa hiyo mwavuli wa Tabora lazima uwe mpana kuliko wa Dar es Salaam kwa sehemu 6 hivi katika 100, roketi ikiwa ile ile.

Nimeyafanya mahesabu hayo kwa mwavuli wa kitambaa kilichokatwa duara au pembe nane, upana ukipimwa kitambaa kikiwa kimetandazwa mezani. Kwa hewa ya Tabora na nchi zilizo katika urefu kama wake, yapata hivi:

Roketi ya gramu 50: upana sentimita 28.
Roketi ya gramu 100: upana sentimita 40.
Roketi ya gramu 150: upana sentimita 49.
Roketi ya gramu 200: upana sentimita 56.
Roketi ya gramu 300: upana sentimita 69.
Roketi ya gramu 400: upana sentimita 79.

Waulize watoto: kutoka gramu 100 mpaka 400 uzito umekuwa mara nne, mbona upana umekuwa mara mbili tu? Atakayejibu kwamba kinachoshika hewa ni eneo la kitambaa, na kwamba upana ukiwa mara mbili eneo huwa mara nne, huyo amelielewa somo.

MWAVULI MKUBWA SI LAZIMA UWE BORA

Wengi hufikiri kwamba kwa kuwa mwavuli huokoa, basi mkubwa zaidi utaokoa zaidi. Sivyo. Roketi iliyo mita 30 juu, ikishuka kwa mwendo wetu wa mita nne na nusu, hukaa angani sekunde saba hivi. Upepo wa mita tano kwa sekunde utaichukua mita 33 au zaidi kidogo. Ukiufanya mwavuli kuwa mpana mara mbili, itashuka kwa nusu ya mwendo, itakaa angani sekunde 13, na upepo utaichukua mita 67. Hapo imekwisha kuvuka ua wa shule. Imeingia shambani kwa mtu, au barabarani penye pikipiki, au imenaswa juu ya mwembe. Na mtoto huifuata roketi yake bila kutazama kushoto wala kulia.

Miembe ndiyo adui wetu mkubwa hapa Tabora. Miti ile yatukumbusha zamani za misafara, nasi twaipenda kwa kivuli na matunda, lakini ikishika mwavuli hairudishi. Kwa hiyo rusheni asubuhi, kabla upepo haujaamka. Katika miezi ya Juni mpaka Agosti upepo wetu hutoka zaidi upande wa kusini-mashariki. Basi wekeni jukwaa la kurushia upande huo wa uwanja, ili roketi ikichukuliwa iangukie katikati na si nje. Upepo ukiwa mkali, ahirisheni mpaka kesho.

Kwa roketi ndogo sana, isiyozidi gramu 30, hata mwavuli si lazima. Utepe mrefu wa kitambaa chepesi, wenye urefu mara kumi ya upana wake, hupepea na kuipunguzia mwendo, wala upepo hauupeleki mbali.

KITAMBAA NA MSHONO

Zamani wengi walikata miavuli ya namna hii katika mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, wala hatuilii, kwa kuwa ipo njia nzuri zaidi. Tafuta mwavuli wa mvua uliovunjika vyuma. Kitambaa chake ni chepesi, hakinyonyi maji na hakipitishi hewa ovyo. Tena kimekwisha kushonwa vipande nane vyenye umbo la kuba, na katikati kina tundu la mti wake. Lile tundu alilolikosa Garnerin, hapa tumelipata bure. Kata tu duara yenye upana unaoutaka ukianzia katikati. Kama tundu ni dogo mno, lipanue kidogo: kwa mwavuli wa sentimita 40, tundu la sentimita 4 latosha kabisa.

Kanga kuukuu haifai sana. Pamba hupitisha hewa, ni nzito, na kwa roketi ya maji hulowa na kugandamana, isifunguke.

Ukitumia kitambaa kingine bapa, kikunje mara mbili, kisha mara nne, kisha pembe kwa pembe mpaka kiwe mikunjo minane yenye ncha moja. Pima kutoka kwenye ncha nusu ya upana unaoutaka, pande zote mbili, ukate moja kwa moja kutoka alama hii hata alama ile. Ukikikunjua utapata pembe nane zilizo sawa, na kila pembe ni mahali pa uzi mmoja. Pinda ukingo na kuushona. Katika kila pembe shonea kiraka kidogo kabla ya kutoboa, kwa sababu mwavuli hauchaniki katikati. Huchanika pale uzi unapovuta.

Fundi cherehani aweza pia kuwashonea mwavuli wa umbo la msalaba: vipande viwili virefu vilivyo sawa, kimoja juu ya kingine. Huo hauyumbi sana, maana hewa hutokea katika zile pembe nne zilizo wazi. Ila wahitaji kitambaa kipana zaidi kidogo kwa uzito ule ule.

KUFUNGA: NYUZI, PETE NA LASTIKI

Nyuzi ziwe nane, au sita kwa mwavuli mdogo. Uzi wa nailoni wa fundi viatu ni mzuri. Mshipi wa kuvulia samaki ni imara lakini huteleza, na fundo lake hujifungua lenyewe. Autumiaye na atie gundi juu ya fundo.

Urefu wa kila uzi uwe sawa na upana wa mwavuli, au uzidi kwa nusu yake. Kwa mwavuli wa sentimita 40, kata nyuzi za sentimita 40 mpaka 60, na uongeze kidogo kwa ajili ya mafundo. Nyuzi fupi mno huuzuia mwavuli kufunguka wazi, ukawa kama ua lililofumba. Nyuzi ndefu mno hupenda kusokotana. Na zote ziwe sawasawa! Uzi mmoja mfupi huvuta upande mmoja, na roketi huzunguka kama pia.

Zikusanye ncha zote, zivute pamoja mpaka katikati ya mwavuli ipo juu ya mkono wako sawasawa, kisha zifunge kwa fundo moja katika pete ndogo. Wavuvi wana kipete kinachozunguka ili mshipi usijisokote. Ukikipata, ndicho hasa. Roketi hata ikizunguka, nyuzi zitatulia.

Sasa yahitajika kamba ya kuunganisha pua, kiwiliwili na mwavuli. Tumia lastiki ya kushonea sketi, yenye urefu wa mara mbili au mara tatu ya roketi. Watu hupenda kuifanya fupi, nalo ni kosa. Pua ikitoka kwa nguvu na lastiki ikiwa fupi, hurudi kwa nguvu ile ile na kuipiga chupa, au lastiki hukatika. Ikiwa ndefu, mshtuko huishia njiani.

Ncha moja ya lastiki ifungwe katika kitanzi kilichotiwa ndani ya pua. Ncha ya pili ifungwe kwenye kiwiliwili: pitisha uzi wa nailoni kuizunguka chupa mara mbili, funga, kisha funika kwa selotepu pana. Usitegemee selotepu peke yake, maji huilegeza. Pete ya mwavuli uitie katika kitanzi kile kile cha pua. Halafu shika mwavuli kwa mkono mmoja na chupa kwa mkono mwingine, uvute kwa nguvu. Kama kuna fundo la kufunguka, na lifunguke sasa mikononi mwako, lisingoje mpaka roketi iwe angani.

KUKUNJA NA KUWEKA PUA

Mwavuli huwekwa ndani ya kikombe kilichokatwa katika chupa ya pili na kubandikwa juu ya ile ya kwanza. Pua hukaa juu yake bila kubandikwa. Roketi ikipanda, pua hukaa mahali pake. Ikifika mwisho wa kupanda na kuanza kuinama, pua huanguka na kuuvuta mwavuli. Njia hii ni nyepesi, lakini si ya hakika kila mara. Kwa hiyo hata roketi yenye mwavuli mzuri lazima watu waiangalie mpaka ifike chini.

Ukunje mwavuli katika mikunjo minane kama ulivyoukata, kisha ukunje kwa kwenda na kurudi kama karatasi ya barua. Zungusha nyuzi mara mbili tu, kwa kulegea. Paka unga kidogo wa poda ya watoto ili kitambaa kisigandamane. Ukiusukuma ndani kwa kidole na ukaona wabana, kikombe ni chembamba. Na usiuache umekunjwa tangu jana. Ukunje siku ile ile.

Jambo hili la kubana limewahi kugharimu maisha ya mtu. Tarehe 24 Aprili 1967 Mrusi Vladimir Komarov alikuwa akirudi kutoka angani katika chombo cha Soyuz 1. Mwavuli mdogo ulifunguka, lakini haukuweza kuutoa mwavuli mkubwa katika chumba chake, ulikuwa umebanwa. Ule wa akiba ulipotolewa ulisokotana na ule mdogo. Komarov alikufa chombo kilipogonga ardhi. Chombo kilikuwa kimepanda vema, kikazunguka dunia siku nzima. Kilichoshindikana ni mwavuli kutoka katika chumba chake.

Miaka minne baadaye, tarehe 7 Agosti 1971, Wamarekani watatu wa Apollo 15 walikuwa wakishuka baharini kutoka mwezini kwa miavuli mitatu. Mmoja ulinywea mbele ya macho ya watu. Lakini waliokitengeneza chombo walikuwa wamekwisha kuhakikisha kwamba miwili yatosha. Waligonga maji kwa kishindo kikubwa kidogo kuliko kawaida, wakatoka wazima wote watatu.

JARIBIO LA KWANZA

Kabla ya kuifunga roketi, funga katika mwavuli kifuko cha mchanga chenye uzito ule ule wa roketi. Mtu mzima apande ghorofani, au juu ya kingo imara iliyo mita tisa kutoka chini, auachie ukiwa wazi. Mwanafunzi mmoja ashike saa. Ukichukua sekunde mbili hivi, ni sawa. Ukichukua moja na nusu, ni mdogo mno. Ukichukua nne, punguza. Rudieni mara tano na kuandika kila mara, kwa maana jaribio moja halithibitishi neno.

Na siku ya kurusha, mwalimu awaulize watoto maswali haya, nao wajibu kwa kuonyesha kwa mkono, si kwa mdomo tu:

Je, uzito umepimwa, na upana wa mwavuli walingana nao?
Je, nyuzi zote ni sawa, na mafundo yamevutwa?
Je, lastiki ni ndefu, na imefungwa pande zote mbili?
Je, mwavuli watoka kwa urahisi, na pua haikubandikwa?
Je, upepo watoka wapi, na roketi itaangukia wapi?
Je, watu wote wako nyuma ya kamba?

Jibu moja likiwa hapana, msirushe. Tena msirushe karibu na uwanja wetu wa ndege, na kwa roketi iliyo kubwa kuliko ya chupa ulizeni kwanza kwa wenye mamlaka ya anga.

Gharama ya kazi hii yote ni mwavuli mmoja mbovu, uzi, lastiki na subira. Wazazi, msiwakataze watoto kuirusha chupa. Wapeni kile kitambaa kilichotupwa nyuma ya nyumba, muwaambie waishone kwanza njia ya kurudi. Walimu, mtoto wa kwanza kusifiwa darasani asiwe yule ambaye roketi yake imepanda juu kuliko zote, bali yule aliyeirudisha nzima, akaweza kuirusha tena kesho yake.